Kwa Nini Fundi Alikaa Ngazini

Fundi Sofa na mkewe walikuwa na karakana ndogo kando ya barabara. Fundi alipigilia mbao na kufunga springi. Mkewe alishona vitambaa na kujaza mito, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Mito. Wote wawili hawakuishiwa maneno. Mteja aliingia amenuna, akatoka anacheka.

Fundi alikuwa na mtindo wake. Akipeleka sofa kwenye nyumba ya ghorofa, alifika katikati ya ngazi, akaiweka chini, akaikalia. "Naijaribu," alisema. "Siwezi kumkabidhi mtu kitu ambacho sijakikalia." Wateja waliupenda mtindo huo. Mama Mito alimsimulia kila aliyeingia karakanani, tena kwa maringo.

Siku moja walipeleka sofa kwa mwalimu aliyeishi ghorofa ya pili. Mpagazi alishika upande wa juu, Fundi akashika wa chini. Mama Mito alifuata nyuma na mito kwapani. Katikati ya ngazi Fundi akakaa, kama kawaida yake.

"Haya, bwana mkubwa," Mama Mito akamtania. "Tukuletee na chai?"

 Uso wa Fundi ulikuwa umesawajika. Alikuwa ameweka ngumi katikati ya kifua.

"Una nini?"

"Kifua kinabana. Nikikaa kidogo kinaachia."

"Tangu lini?"

Fundi akatazama ukuta. "Tangu nianze kukaa ngazini."

Mito ilimponyoka Mama Mito, ikaporomoka ngazi yote. Alikumbuka wateja wote aliowasimulia habari ile. Kumbe alikuwa akiyatangaza maumivu ya mumewe kama sifa ya duka. Alipigwa na butwaa, kisha akashikwa na hasira, kisha hofu. Hofu ndiyo iliyobaki.

Jioni alikuja dada mkubwa wa Fundi. Huyu alikuwa na jibu la kila swali, hata lile ambalo hajaulizwa. "Hivyo ni vidonda vya tumbo," akasema. "Wifi, punguza pilipili kwenye mboga, vitapona."

"Wifi, ni tumbo gani linalosubiri ngazi ndipo liume?" Mama Mito akamuuliza. Asubuhi alifunga karakana, akamshika mumewe mkono mpaka hospitali.

Huko Fundi alilazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani. Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka kizuri. Fundi akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Umeona? Twende kazini."

"Kaa kwanza, baba," akasema daktari. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. "Tumekupima ukiwa umelala. Je, maumivu yanakuja ukiwa umelala?"

"Hapana. Yanakuja nikibeba kitu, au nikipanda mlima."

"Na ukipumzika?"

"Yanaondoka."

"Basi huenda moyo unalalamika ukifanya kazi, na unanyamaza ukipumzika. Kipimo hiki hakitoshi kunituliza. Nataka kuiona mishipa inayoupelekea moyo damu. Tutapiga skani ya moyo."

"Watampasua?" Mama Mito akauliza.

"Hapana, mama. Atalala kwenye mashine yenye tundu kubwa, mfano wa pete. Atachomwa dawa mkononi ili mishipa ionekane vizuri kwenye picha. Kabla ya hapo tutapima figo zake, na mtuambie kama kuna dawa inayomdhuru. Siku hiyo asinywe kahawa wala chai, maana tunataka moyo upige polepole. Lakini sikilizeni vizuri. Kifua kikibana na kisiachie akipumzika, msingoje siku ya skani. Njooni hapo hapo, iwe mchana au usiku."

Fundi alirudi nyumbani akafanya jambo lake. Alijilaza. Hakugusa nyundo wala mbao. Alikaa kwenye sofa ya mteja, miguu juu, akiamuru aletewe maji.

"Naupumzisha moyo," alimweleza mkewe. "Siku ya skani uwe mzima. Nataka nifaulu."

Siku ilipofika alivaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Mtaalamu wa skani aliposikia habari ya kufaulu, alicheka.

"Baba, huu si mtihani. Ulichopumzisha ni maumivu tu. Kama mshipa umebanwa, umebanwa hivyo hivyo."

Fundi alilala kwenye mashine. Aliambiwa abane pumzi, akabana. Dawa ikapita, mwili wote ukapata joto. Haukupita muda mrefu akatoka, akamnong'oneza mkewe, "Nilidhani nimejikojolea." Mama Mito akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kicheko hicho hakikudumu. Walipoitwa kupewa majibu, daktari aliwageuzia kioo cha kompyuta. "Huu ni mshipa mkubwa wa mbele ya moyo. Mafuta yameganda ndani yake. Tazameni hapa. Njia ya damu imebaki nyembamba kama uzi."

Mama Mito alitazama. Alijua uzi ni mwembamba kiasi gani, aliushika kila siku. Akashika ukingo wa meza. Mtu huyu alikuwa akipandisha masofa ghorofani na moyo wake unakunywa kwa uzi.

"Lakini nimekuja hapa kwa miguu yangu," Fundi akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Tunashukuru umekuja kwa miguu yako," akasema daktari. "Wapo wenye maumivu kama yako, skani ikatoka safi, wakarudi kwao na amani. Wapo ambao dawa zinawatosha. Wewe utatumia dawa kila siku, na tutapanua mshipa huu. Tutapita mkononi, tuweke ndani yake kijibomba cha waya kitakachouzuia usijibane."

"Kama springi?"

"Karibu hivyo."

Fundi akamgeukia mkewe. "Leo ni zamu yangu kutiwa springi." Alitania, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi.

Kijibomba kiliwekwa salama. Fundi anameza dawa zake kila siku. Mama Mito amepunguza mafuta na chumvi jikoni, na wapagazi sasa ni wawili. Kila asubuhi Fundi hutembea, kama daktari alivyomruhusu.

Asubuhi moja dada yake alifuatana nao. Njia ilikuwa ya kupanda. Fundi alikuwa akisimulia hadithi ndefu na hakusimama hata mara moja. Mama Mito alifurahi kuisikia, japo alishaisikia mara nyingi. Kisha akatazama nyuma.

Wifi yake alikuwa amesimama mbele ya duka la vyombo, ameegemea ukuta.

"Mnakimbilia wapi?" wifi akasema. "Naangalia mabirika."

Duka lilikuwa bado limefungwa. Milango yake ilikuwa ya bati, haina hata kitundu.

 Mama Mito alimwita Fundi, akarudi taratibu, akamketisha wifi yake kwenye kibaraza, akakaa naye mpaka pumzi zikamrudia.

"Ni kifua, wifi?"

Wifi akaweka ngumi katikati ya kifua, kama Fundi siku ile ngazini.

"Tukitoka hapa tunakwenda kwa daktari," Mama Mito akasema. "Sote watatu."

Wifi akaufumbata mkono wa Mama Mito, akainuka, wakaenda.