Dawa ya Mikono Mitatu

Saratani ya damu ilimrudia Nelvine. Dawa ya kwanza iliishika kwa alama moja tu. Ugonjwa ukaivua alama hiyo kama mwizi anavyovua shati alilokamatwa nalo, ukaponyoka.

Seth, fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai Mogogosiek, alikuwa mpenzi wake tangu walipokutana soko la Sotik, siku mwavuli wa Nelvine ulipomrarulia shati.

"Utalipa shati, madam."

"Kumbe ni shati? Nilidhani ni neti ya mbu."

Nelvine alivaa rinda la manjano, ana kicheko cha kukera. Seth akaisha hapo hapo kwa mapenzi.

Sasa Nelvine alikuwa amelazwa Nairobi, anajaribiwa dawa mpya, protini yenye mikono mitatu: miwili inaikamata saratani kwa alama mbili, wa tatu unamvuta askari wa mwili aje aue. Daktari aliwaonya jamaa: askari wakichachamaa, homa hupanda, akili huyumba. Seth hakusikia onyo hilo. Alikuwa kwenye zamu kiwandani.

Jioni akapiga simu.

"Sweetie, umekula?"

"Sweetie wa nani? Wewe ni mtoto, hata kisu cha kutahiri hujakiona. Rudi kwenu ziwani!"

Yalikuwa maneno ya baba yake Nelvine, Mzee Hezekiah, neno kwa neno, kwa kuwa kabila la Seth, la ziwani, halikuwa likitahiri. Seth aliwaka.

"Kufa basi na ukabila wako!"

Akakata simu, akazifunga namba zote za Nelvine na jamaa zake.

Mwishowe Rodah, dada ya Nelvine, alimvizia langoni pa kiwanda. "Wewe mjinga! Ilikuwa dawa. Siku hiyo hata jina lake hakulijua."

Seth alipiga pasi shati, akaenda kwao Nelvine. Nelvine, aliyekwisha kuruhusiwa kutoka hospitalini, alikuwa ameketi kando ya michai ya kwao, leso imefunika upara.

"Nisamehe, mpenzi. Sikujua."

"Mimi sikumbuki hata neno moja. Rodah ndiye aliyenishikia simu, kwa spika. Alisikia yote."

"Basi tuanze upya. Nikuoe."

"Seth, maneno yangu yalikuwa dawa. Yako yalikuwa nini?"

Seth akageukia lango. Mzee Hezekiah, ambaye hakuwahi kumfungulia lango, alimfungulia la kutokea.

Saratani haikuonekana tena kwenye uboho wa Nelvine. Matibabu yalimgharimu nywele, na hisia ya vidole vya kuchumia chai. Seth naye, maneno yake matano yalimgharimu mke.