Inveta Mbili za Mzee

Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakanani, fundi wa kuchomelea aliketi kando ya kitanda cha baba yake. Mapafu ya mzee yaliharibiwa na vumbi la saruji, na daktari hakuwaficha: hayatapona. Mzee aliishi kwa mashine ya oksijeni. Bila hiyo, hakumaliza hata kikombe cha chai.

Umeme ukikatika, inveta iligeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, mashine ikaendelea. Lakini friji na mashine viliilemea. Fundi akanunua inveta ya pili, ya aina nyingine. Akaunganisha nyaya za zote mbili pamoja.

"Una hakika?" mkewe aliuliza.

"Vyuma viwili nikivichomelea pamoja vinabeba zaidi. Hii ndiyo kazi yangu, mke wangu."

Kilikuwa kiburi tu. Mchana huohuo umeme ulikatika. Inveta zote mbili zikatoa moshi na mashine ikanyamaza. Mke alichomoa uvunguni mtungi mdogo wa oksijeni. Mzee alinusurika, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuketi mwenyewe. Fundi naye akaacha kwenda kazini. Alishinda chumbani.

Jirani yao aliitwa Mama Mnara, kwa sababu alitunza umeme wa minara ya simu. Alizikagua inveta zilizoungua.

"Shemeji, umeme si chuma," alisema. "Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka mara nyingi kila sekunde. Hizi hazikwenda pamoja. Hii inapanda, ile inashuka. Zikasukumana mpaka zikaungua."

"Kwa hiyo nusura nimuue baba."

"Ulikosea. Sasa nisikilize. Ziko inveta zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja. Ziwe za aina moja. Kuna waya mwembamba unaoziunganisha ili zielewane. Volti inakuwa moja, mzigo zinagawana. Na kila moja iweze kubeba mashine ya mzee peke yake. Ikifa moja, nyingine inaendelea. Minarani tunafanya hivyohivyo."

"Nitazifunga leo."

"Hutazigusa. Nitazifunga mimi. Wewe kajaze mtungi, huo usikose kamwe."

Wiki ya tatu baada ya Mama Mnara kufunga inveta mpya, umeme ukiwa umekatika, inveta moja iliwasha taa nyekundu na kuanza kulia. Fundi alikimbilia kitandani kwa baba yake. Mashine ya oksijeni ilikuwa ikinguruma vilevile.

"Imezima?" mzee aliuliza, macho kayafumba.

"Moja imezima, baba."

"Na mimi?"

"Wewe bado." Fundi alishindwa kuzuia machozi.

"Basi nenda kazini. Mbona unanililia na bado nipo?"

Fundi alimwita Mama Mnara aje kuitoa ile mbovu. Kisha akatafuta ufunguo wa karakana, akaenda.