Kunja Magoti, Shika Kamba

Risasi ilimpata rubani begani. Damu ikarukia kichomeo cha puto, ikachemka.

"Puto livuke mto," alisema Kipara, miwani myeusi usoni, Glock mkononi. "Atakayeleta ujuaji namtupa chini."

Abiria wakanywea. Miongoni mwao alikuwamo mkemia mzee, mikono imefungwa chini ya koti. Kipara alimteka kwa sababu ya sumu ambayo mzee huyo peke yake ndiye aliyejua kuitengeneza. Ubavuni mwa mzee alisimama Nyigu, mpelelezi aliyejifanya mtalii, goti lake bado bichi kwa upasuaji.

Kichomeo kikanguruma. Nyigu akanong'onea kinasa sauti kilichofichwa kwenye kola yake.

"Mkuu."

"Ng'ambo ya mto watu wake wana gari. Akivuka, mzee hatumwoni tena," sauti ya mkuu ikajibu sikioni mwake.

"Havuki."

Asubuhi, kabla puto halijaruka, rubani alikuwa amewafanyisha mazoezi ya kutua mpaka wakachoka. Kipara hakujali. Alikuwa pembeni, simu sikioni, akiwacheka.

Puto lilipita chini chini juu ya vichaka. Mto ukaonekana.

Nyigu akamrukia Kipara. Akaung'ata mkono wenye bastola hadi meno yakagusa mfupa. Glock ikaanguka. Kipara akampiga teke la goti, lile lile bovu, na Nyigu akaona nyota mchana kweupe.

Akaanguka. Lakini alianguka na kamba nyekundu, ile inayofungua kilele cha puto, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote.

Hewa moto ikatoka. Kikapu kikashuka kama gunia.

"Mkao wa kutua!" rubani akafoka.

Wote wakageuza migongo kule walikokuwa wakielekea, wakakunja magoti, wakashika kamba za ndani. Nyigu akamkumbatia mzee, akashika kamba kwa niaba yake.

Kipara alikuwa wima, akitafuta bastola.

Kikapu kikabamiza ardhi, kikalala, kikaburuzwa. Kipara akarushwa mbele, kisha kikapu kikampitia juu. Mifupa ilisikika ikivunjika.

"Asitoke mtu mpaka niseme!" rubani akaamuru.

Hakutoka mtu. Mzee alilia bila aibu. "Mwanangu, nilijua nimekwisha."

"Bado upo sana, baba," Nyigu akasema, akimfungua mikono.

Rubani, bega limefungwa shati, alimkazia macho.

"Dada, asubuhi nilikuuliza kama umepasuliwa karibuni. Ukasema hapana."

"Nilikudanganya, kaka."

"Ningejua, nisingekupandisha."

"Ndiyo maana."

Nyigu akaokota miwani ya Kipara nyasini, akaifuta damu, akaivaa. Akaondoka akichechemea, wala hakuharakisha.