Faili Ambalo Halijafungwa

Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Ndivyo alivyomwambia mama yake alipompitia wodini saa kumi na moja jioni: ngoja nishuke chini nihamishe mafaili, nikimaliza nakuja kukaa na wewe. Mama alikuwa amelazwa kitanda cha kumi na nne, mapafu yamemchosha, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Nusu saa yako naijua," akasema.

"Ijumaa nakurudisha nyumbani, mama. Hilo nakuahidi."

Hospitali nzima ilimwita Fundi, ingawa ufundi wake ulikuwa wa kompyuta na hakuwahi kupigilia hata msumari. Chumba cha seva kilikuwa chini kabisa, nyuma ya stoo ya mashuka. Mlikuwa na mashine mbili humo. Mpya ilikuwa nyembamba, kimya. Kuukuu ilikuwa kubwa kama kabati, imekoroma miaka kumi na tisa bila kuzimwa, na ndani yake lilikuwamo faili la kila mgonjwa aliyewahi kulazwa pale.

Hiyo kuukuu ilikuwa ya Mzee Sweta, mtunza mafaili wa zamani. Kila jioni mzee huyo alizunguka wodi zote na kikaratasi, akaandika namba za waliofariki siku hiyo, kisha akashuka kuyafunga mafaili yao kwa mkono wake. Ukijitia kumsaidia, anakununia wiki nzima. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na miezi minane kaburini, na bado mafaili yalifungwa kila saa kumi na mbili, kwa jina lake. Fundi hakuumiza kichwa. Alijiambia mzee aliiachia mashine programu ya kujiendesha, basi.

Na kanuni ya kuhamia mashine mpya iko wazi. Jina la mfanyakazi aliyeondoka halihamishwi, linafutwa. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Fundi akalifuta jina la Mzee Sweta.

Feni za mashine kuukuu zikashuka sauti... zikapanda tena.

Kisha ikaja harufu. Dawa ya kuchua, ile ambayo mzee alijipaka magotini. Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu. Akarudi kwenye kibodi, akainuka, akakagua mlango, akakaa tena.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa muuguzi wa zamu, kutoka wodi ya mama.

"Fundi..." alinong'ona. "Yule baba wa kitanda cha pili. Moyo umesimama. Nimempima mara nne."

"Pole, dada. Sasa mimi..."

"Anaongea."

Fundi akaikaza simu sikioni.

"Na si yeye peke yake. Wodi ya jirani wananipigia, nao wanao kama huyu. Umegusa nini huko chini?"

"Mama je?"

Upande wa pili, pazia la kitanda likavutwa.

"Dada, mama yangu je?"

"Hana mapigo, Fundi. Na ananiuliza kama umekula."

Kwenye skrini ya mashine kuukuu uliandikwa mstari ambao hakuwahi kuuona.

MAFAILI SABA YANASUBIRI. NANI ANAFUNGA?

Akajaribu kulirudisha jina la mzee. Mashine ikalikataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akaandika lake. Likapokewa hapo hapo.

Akafunga faili la kwanza.

"Wa kitanda cha pili ametulia," muuguzi akasema, akianza kulia.

La pili. La tatu. Huko juu sauti zilikuwa zinapungua moja moja. Alipofunga la sita, likabaki moja, na namba yake aliijua kwa kichwa.

"Mpe mama simu."

Mama hakuwa akihema. Maneno yalitoka makavu, bila pumzi.

"Mwanangu, nimechoka. Niache niende."

"Ijumaa twende nyumbani, mama."

"Umenisikia lakini?"

Alimsikia. Alimpenda, na alikuwa mwoga, na yote mawili yalikuwa kweli. Akaondoa mikono kwenye kibodi.

Kabla daktari wa asubuhi hajapita, muuguzi alimsaidia kumtoa mama kwa mlango wa nyuma. Wiki hiyo hiyo akaomba uhamisho. Fundi naye alimwandikia mkuu wake kwamba mafaili yanaharibika yakihamishwa, hivyo mashine kuukuu isizimwe, isiguswe, na ufunguo wa chumba abaki nao yeye.

Huu ni mwaka wa pili. Kila jioni Fundi anashuka kuyafunga mafaili ya watu wengine, kisha anarudi nyumbani. Mama yuko pale pale kwenye kochi. Hali chakula, halali usingizi, hafumbi macho, na ukimgusa ni baridi tupu.

"Leo umewafunga wangapi?" humuuliza.

"Watatu."

"Na mimi?"

Hapo Fundi huwasha redio.

Jana hakuuliza hayo. Alimpokea mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe, akamvua koti polepole kama zamani alipokuwa mtoto wa shule. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, ile mashine iko chumba gani, na ufunguo anauweka mfuko upi.