Chambo na Upanga

Duka la fundi Immaculate liko orofa ya kwanza, barabara ya Mburu Gichua mjini Nakuru, juu ya wauza viatu, na Jumamosi huwezi hata kugeuka humo. Magauni yananing'inia kutoka darini, cherehani zinanguruma, na kila mteja anataka kuhudumiwa kwanza kwa sababu harusi yake ndiyo ya kesho.

Waithera alikuwa juu ya stuli, amevaa gauni la rangi ya kutu lililoachwa wazi mgongoni, amesimama kwa mguu mmoja huku akijikuna shavu la mguu kwa ule mwingine. Ndivyo alivyofanya kila alipochoka kusubiri. Aliuza mbegu na dawa za mifugo karibu na soko, alikuwa na cheko la kumtikisa mwili mzima, na nusu ya kabati lake nyumbani, mtaa wa Shabab, ilijaa magauni ya harusi za watu wengine.

Kijana mrefu mwenye buti za kazi akaingia, tai mkononi.

"Boss, wewe ndiye bwana harusi?" Immaculate aliuliza, pini mdomoni.

"Mimi ni best man tu. Nimeambiwa tai ifanane na gauni."

"Basi simama kando ya huyo. Karibu zaidi. Haumi."

Kijana akasogea. Waithera akaitazama tai, kisha gauni, kisha mwenye tai.

"Hiyo ni rangi ya machungwa. Wewe unaenda harusi nyingine."

"Waliniambia nilete rangi ya chai iliyomwagika."

Waithera akacheka hadi stuli ikayumba, ikabidi kijana amshike mkono. Stuli ilipotulia hakuuachilia, na Waithera hakumkumbusha.

"Lakini kwa nini lazima wasimamizi mvae sare?" kijana aliuliza. "Mnakaa kama wanafunzi."

"Hujui? Wanasema zamani, ng'ambo huko, mapepo yalikuwa yanamwinda bibi harusi. Sasa marafiki wanavaa kama yeye, mapepo yanachanganyikiwa. Sisi ni chambo, boss."

"Ala! Na best man?"

"Ulikuwa unabeba upanga. Ndugu za msichana wakija kumchukua, wewe unabaki ukipigana, mwenzako anatoroka na bibi."

"Na siku hizi mnanipa tai."

"Ya machungwa."

Jina lake lilikuwa Kipkemei, fundi wa mabomba ya mvuke huko Naivasha. Alishuka ngazi za Immaculate akiwa na namba ya simu, na tai akaisahau kwenye stuli.

Simu zikaanza.

"Chambo wangu, umekula?"

"Upanga, ndio nafungua duka. Nile nini, mbegu za sukumawiki?"

"Zile hazina dawa ni tamu."

"Wewe utakufa, na mimi sina gauni jeusi."

Jumapili asipokuwa na zamu Kipkemei alipanda Nakuru. Walikula nyama, wakatembea, wakapigwa na upepo wa mlima Menengai hadi Waithera akavaa koti la Kipkemei, akalivaa vizuri sana hadi halikurudi. Siku moja Kipkemei alikuja na Elphas, mfanyakazi mwenzake, na Waithera akaja na binamu yake Mitchelle. Hao wawili hawakuitana chambo wala upanga. Walitazamana juu ya sahani ya ugali, na kabla ya mwaka kwisha wakawa wanatafuta tarehe ya harusi.

Jioni moja Kipkemei alipiga simu akiwa kazini, mvuke ukinguruma nyuma yake kama lori lililokwama kwenye matope.

"Chambo, Elphas ameniomba nimsimamie."

"Mitchelle ameniambia. Hongera."

"Sasa nimefikiria. Mimi nataka wewe unisimamie."

"Nini? Kuna kelele!"

"Unisimamie! Kanisani! Mbele ya watu wote!"

Kipkemei alikuwa anaposa. Neno la kuoa lipo, ni fupi na kila mtu analijua, lakini yeye aliliona kavu. Alitaka neno lenye uzito, la mtu atakayekuwa kando yake hata mambo yakiharibika, naye akaliokota lile ambalo Elphas alimwombea. Alikuwa amejifunza sentensi hiyo siku nzima akikaza nati.

Waithera alisikia gauni. Kwake kusimamia kulikuwa na maana moja tu: kumshikia mtu mwingine maua akitiwa pete. Tangu Pasaka alikuwa akingoja huyu mwanamume aseme kitu, na sasa amesema.

"Rangi gani?" aliuliza kwa sauti baridi.

"Rangi ya nini?"

"Kipkemei, nimechoka kusimamia watu. Tafuta mwingine."

Akakata. Kule Naivasha, fundi alibaki ameshika simu kama mtu aliyeungua. Alikuwa ameposa, na jibu alilipata, tena limenyooka. Hakupiga tena, maana hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Waithera naye alingoja simu ya kuombwa msamaha. Haikuja, na hilo likamthibitishia yote aliyoyafikiria. Mitchelle alipojaribu kuuliza, aliambiwa ahangaike na keki yake. Kipkemei aliomba kuhamishiwa visima vya mvuke vya Baringo, akakubaliwa. Angeondoka harusi ikiisha.

Ngurario ya Mitchelle, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, ilifanyika kwa wazazi wake kule Bahati, chini ya mahema meupe, harufu ya mbuzi wa kuchoma ikizunguka. Waithera alikubali kushiriki kwa sharti moja, kwamba asivae gauni jingine la sare. Tata Rahab, shangazi yao mwenye sauti ya kengele, akamjibu kwamba leso si gauni.

Maana mila ya hapo ni hiyo: bibi harusi hufichwa katikati ya wasichana wenzake, wote wamefunikwa leso zinazofanana kutoka kichwani hadi vifundoni, nao hujipanga kimya. Bwana harusi amchague wake. Akikosea, analipa mbuzi.

Elphas, mtu wa Eldama Ravine, aliitazama ile safu ya leso na jasho likamtoka.

"Kemei, ni yupi?" alinong'ona.

"Usiniulize. Hii mila si yetu."

"Ndiyo nakuuliza! Wewe una macho mazuri."

Lakini macho ya Kipkemei yalikuwa yameshafika mahali yakakataa kutoka. Leso moja, karibu na mwisho, ilisimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulipanda polepole, ukakuna shavu la mwenzake.

Elphas aliyafuata macho hayo, akadhani amesaidiwa. Akaenda moja kwa moja, akashika leso, akafunua.

"Sasa, shemeji," Waithera alisema.

Wanawake walipiga kelele hadi kuku wakakimbia.

"Uuui!" Tata Rahab aliita. "Ameacha bibi akachukua msimamizi! Mbuzi! Nani amekupotosha, kijana?"

"Ni best man!" Elphas alijitetea. "Alimkodolea huyu macho kama mtu aliyeachwa na basi la mwisho!"

"Na mimi?" sauti ya Mitchelle ilitoka chini ya leso ya katikati. "Mtaniacha niive humu?"

Elphas akaruka kumfunua wake, vigelegele vikalia, na kwa muda hakuna aliyewatazama hao wengine wawili.

"Si ulitafuta mwingine?" Waithera aliuliza.

"Mwingine wa nini?"

"Wa kusimama nawe kwa harusi ya Elphas. Si ndivyo uliniomba kwa simu, na kelele yote hiyo?"

Kipkemei akaanza kukumbuka neno baada ya neno, na shingo ikamwiva.

"Waithera. Nilikuwa nakuomba tuoane."

"Kwa neno gani?"

"Kusimamia."

"Kusimamia ni kazi ya best maid, wewe!"

"Kwangu ilikuwa... ya maisha."

Cheko la Waithera lilianza mabegani, likashuka, likamtikisa mzima, na machozi yakachanganyika nalo bila ruhusa.

"Nimelia mwezi mzima kwa sababu ya Kiswahili chako."

"Nami nimefunga mizigo ya Baringo."

"Sema vizuri basi."

"Nataka nikuoe."

Waithera alijifunika leso, akawanong'oneza binamu zake kitu, nao wakajifunika upya na kuzunguka na kuchanganyana, vicheko vikizimwa chini ya nguo. Tata Rahab aliona, akawanyamazisha wageni.

Safu ilipotulia, leso zote zilikuwa zimesimama kwa mguu mmoja, zote zinajikuna.

Wageni walicheka. Kipkemei alipita mbele yao mara moja, akarudi. Hakugusa hata moja. Akasimama katikati, mikono mfukoni, akauliza kwa upole:

"Sasa, rangi gani?"

Leso ya pili kutoka kushoto ilitulia kidogo. Kisha ikaanza kutikisika.

Aliifunua taratibu.

"Yoyote," Waithera alisema, "bora wengine ndio wavae sare."

Tata Rahab aliongoza vigelegele mwenyewe. Mbuzi wa kosa la kwanza, hata hivyo, hakumsamehe, na aliyemlipa ni best man.