Hodi kwa Mkunga

Hadithi hii siipendi, na anayenibembeleza niisimulie hanipendi. Mtu umeketi na magoti yako yanauma, wanakuja: "Bibi, tueleze, yule mtu anayelala pale lango la zamani alitokea wapi?" Alitokea mtaa huuhuu, ila hamkumbuki. Nitasema mara moja tu, na atakayecheka akachekee nje.

Anaitwa Kasuku. Jina mlimpa wenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika mji wetu huu mkongwe wa pwani. Wageni wakishuka tu, yeye huyo, shati limenyooshwa pasi, anawaonyesha ngome, anawaonyesha forodha ya kale, anawaonyesha kisima. Wageni wanapiga miayo. Ngome ni mawe, na mawe hata kwao yapo. Kasuku akaona mambo yanamwendea kombo, akatafuta kitu cha kuwasisimua.

Ndipo akaikumbuka nyumba ya dada yangu.

Dada yangu alikuwa mkunga. Miaka arobaini aliwazalisha wanawake wa mtaa huu, mwenye nacho na asiye nacho. Kasuku mwenyewe alipozaliwa alitanguliza makalio, mama yake amekwisha kukata tamaa, na dada akamgeuza kwa mikono yake miwili. Alipokufa tuliifunga nyumba kwa kufuli, ufunguo nikakaa nao mimi. Kasuku akaugeuza mlango ule jukwaa. Anawasimamisha wageni pale, anawaambia bila haya kwamba humo alikaa mchawi aliyejifanya mkunga, akinyonga vichanga na kuvizika chini ya sakafu. Wageni wanashika vifua. Kisha, kuwachekesha, anabisha: "Hodi, bibi mchawi. Hodi." Kimya. Wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda zao.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, huyo unayemchafua ndiye aliyekupokea duniani. Liache jina lake."

"Bibi, marehemu hana masikio," akasema. "Na yako yanaelekea kuisha. Kapumzike."

Nikageuka nikaenda zangu. Mjinga akikutukana nawe ukajibu, wapita njia wanahesabu wajinga wawili. Lakini usingizi sikuupata.

Siku yenyewe haikuwa na alama yoyote. Saa nane mchana, jua linachoma, wageni sita. Kasuku akaumaliza uongo wake, akabisha mara ya kwanza. Akabisha ya pili. Ya tatu, ikajibu sauti ndani, ya kike, ya upole, sauti ya mtu aliyeshika kazi.

"Karibu. Piteni ndani."

Hodi si wimbo. Hodi ni ombi, na aliyekaribishwa hana pa kurudi. Kasuku akatazama kufuli. Lilikuwa linaning'inia wazi. Na ufunguo saa hiyo ulikuwa kwenye pindo la nguo yangu, nyumba ya tatu kutoka pale, nikiosha vyombo.

Wageni wakaingia kwa bashasha, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Kasuku akawafuata, miguu mizito. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Kitanda kimetandikwa shuka nyeupe. Pembeni yake, beseni la maji. Maji yalikuwa yanatoa mvuke.

Wageni wote sita wakageukia pembe moja ya chumba. Wakainamisha vichwa, kama watu wanaomsalimu mkubwa. Kasuku akatazama pembe ile. Ukuta. Ukuta tu.

"Mnamsalimu nani?" akanong'ona, kwa lugha ya wageni.

Mwanamke mmoja kati yao akamgeukia. Mwanamke yule lugha yetu hakuijua. Tangu asubuhi hakuwa ametamka hata neno lake moja. Sasa aliisema, tena kwa lafudhi ya mtaa wetu.

"Mama huyu anauliza, wewe mtoto wa nani?"

Kasuku akalitaja jina la mama yake.

Mgeni akaitegea sikio ile pembe. Akatikisa kichwa polepole.

"Mama yako anamjua. Alimzalisha mara mbili. Wasichana wote wawili. Wewe hakukumbuki."

Kasuku alitoka mbio. Hakusimama mpaka kwao. Mama yake alikuwa mlangoni anakunja nguo zilizokauka. Akamtazama kama anavyotazamwa mchuuzi ambaye hakuna aliyemwita.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, mwanao."

Mama akaishika nguo kifuani, akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nina mabinti wawili tu, kijana. Wewe mtoto wa nani?"

Dada zake wakatoka. Hawakumjua. Jirani wa kulia, jirani wa kushoto, hivyo hivyo. Mtaa mzima. Niliyebaki kumjua ni mimi peke yangu, na nadhani dada alinibakiza makusudi, awepo wa kusema kwa nini.

Jioni alinijia analia, akanieleza yote. Nikalitaja jina lake, akapiga magoti. Sikumwinua.

"Bibi, nitazame," akasema, akapandisha shati.

Nilimtazama. Tumbo lilikuwa laini kama sahani, kutoka kifuani hadi kwenye mshipi. Hapakuwa na kovu. Hapakuwa na kishimo. Kitovu alichomkata dada yangu hakikuwepo.