Ufunguo Chini ya Chungu cha Mshubiri

Ulianza uvumi, ukamganda Inspekta kama kupe: eti marehemu mume wa mkunga bado anaandika barua. Inspekta, mama wa watoto watatu, akajikaza asiogope. Siku ya tatu mkunga mwenyewe akafika kituoni, viatu havilingani, kusema ameibiwa.

Si pesa. Ni daftari la miaka arobaini la watoto aliowazalisha, na mama zao wa kweli.

"Likisomwa hadharani, mwanangu, nyumba kumi zitavunjika."

Nyumbani kwa mkunga, kufuli la kabati halikuwa na hata mkwaruzo. Inspekta akachukua alama za vidole, akauliza nani ajuaye ufunguo unakaa wapi. Mkunga akasema ni yeye na marehemu tu.

Katika chumba cha nyuma ilinguruma kompyuta kuukuu yenye maandishi ya kijani. Zamani marehemu aliifanya ubao wa matangazo: majirani kumi na wawili waliipigia kwa waya wa simu, mmoja mmoja, wakasoma barua na kuacha zao. Iliuliza jina tu, ukaingia. Wiki hii kifungua mimba wa mkunga, fundi simu, alikuwa ameiunganisha na intaneti ili dada yake aliye ng'ambo asome barua za baba yao.

"Uliweka neno la siri?" Inspekta akamuuliza fundi.

"Baba hakuweka, afande. Ningeweka mimi nani?"

Inspekta akasoma, mkono mdomoni. Katika siku mbili walikuwa wamepita wageni elfu nne, wengine wa nchi asizopata kuzisikia. Na marehemu yule pale, mzima katika maneno yake, akitania, akitoa pole, akimwagiza mkewe: *Ufunguo wa kabati la daftari nimeuweka chini ya chungu cha mshubiri. Usiuhamishe.*

Miaka ishirini na sita, na hakuuhamisha.

Wageni wengi walijiandika majina ya upuuzi. Mmoja alikuwa ameisoma barua hiyo mara tisa: *Wa Mafuriko*. Mkunga akaketi chini pale pale. Jina hilo alimpa mtoto mmoja, siku maji yalipofika dirishani, naye alilelewa na mwoka mikate.

Walimkuta mbele ya tanuri la mikate, mwanamume mzima sasa. Alama za vidole zilikubali kabla yeye hajakubali.

"Nilidhani ufunguo haupo tena," alisema. "Nikainua chungu. Upo."

"Na jina lako uliliandika la nini?"

"Mtu huingiaje kwa watu bila kujitaja?"

Daftari lilikuwa ndani ya pipa la unga, limefungwa kwa kitambaa safi.

"Nimesoma mstari mmoja tu, wangu. Nilitaka kumjua mama. Kumbe kila asubuhi nilimuuzia mkate, akinitazama mpaka nione haya. Tulimzika mwaka jana."

Inspekta akamfunga pingu taratibu, kama anayemvalisha mwanawe saa.

Basi wazazi wenzangu, jiepusheni na haya:

Kuandika mahali ufunguo unapokaa, hata kwa mwenzi wako.

Kuuacha hapo hapo miaka nenda miaka rudi.

Kuiunganisha mashine ya zamani na intaneti kabla ya kusoma kila kilichomo, na bila neno la siri.

Kudhani wanaopita ni majirani wale kumi na wawili.

Na kumficha mtoto mama aliyemzaa, hadi amtafute kwa wizi.